Laki nne na themanini na mashine ya majani: kisa cha mpwa wangu wa Kigamboni

Mwishoni mwa Februari mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kigamboni, Dar es Salaam. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka. "Mjomba, nimepata laki nne na themanini. Nataka mashine ya majani kabla masika hayajaanza. Nimeiona ya cc 52 Kariakoo, laki tatu na arobaini. Nichukue?"

Nikamwambia asichukue chochote mpaka nifike. Sikuwa na neno na ile mashine, sikuwa hata nimeiona. Nilichokuwa sikijui ni majani gani anakwenda kukata, na hela ile ni ya nani.

Nimetengeneza injini ndogo kwa miaka mingi Morogoro: za pampu, za misumeno, na za hizi mashine za kufyekea ambazo dukani wanaziita brashikata. Zinazoletwa kwangu zimekufa, nyingi hazikufa kwa uzee. Ziliuawa mwaka wa kwanza na mtu aliyetumia hela yake yote kwenye mashine akabaki hana ya oili, hana ya kamba ya kukatia, hana ya nauli ya kumfuata fundi. Sikutaka ya mpwa wangu iwe mojawapo, kwa hiyo nakieleza kisa chake chote hapa, pamoja na mahali nilipokosea mimi.

Hela na kazi

Laki moja na themanini ilikuwa yake, ameiweka kidogo kidogo. Laki tatu ilikuwa ya kikoba, na alitakiwa kuirudisha kwa miezi mitatu, laki na elfu kumi kila mwisho wa mwezi kuanzia Machi. Kwa hiyo mashine ilitakiwa ianze kulipa ndani ya wiki chache. Ikisimama wiki mbili katikati ya Aprili kwa kukosa kifaa, basi mama yake, ambaye ndiye mwanachama wa kikoba, anakwenda kusimama mbele ya wenzake kujieleza. Huyo mama ni dada yangu.

Nilimkalisha nikamwambia aniandikie kazi zote alizofanya masika ya mwaka uliopita kwa kwanja. Zilifika kumi na mbili. Tisa zilikuwa nyua za nyumba na viwanja vya mita 20 kwa 30 vyenye majani ya kufika magotini: ukoka uliozidi, magugu laini, ndago. Moja ilikuwa uwanja wa shule. Mbili tu zilikuwa vichaka hasa, viwanja vilivyokaa miaka bila mwenyewe, vyenye miti midogo ya unene wa kidole gumba. Udongo wa Kigamboni ni mchanga, lakini kwenye viwanja vinavyojengwa mchanga huo umechanganyika na kokoto, vipande vya matofali, misumari na waya za kufungia nondo. Nilisoma ile karatasi mara mbili. Ilisema majani laini mengi, kichaka kidogo, na mawe kila mahali.

Karatasi ile ndiyo iliyotuongoza kuliko tangazo lolote. Kijana akiulizwa anataka mashine gani atakutajia cc, yaani ukubwa wa injini. Akiulizwa mwaka jana alilipwa kwa kukata nini, atafikiri kwanza.

Aina za mashine, na kwa nini tatu ziliondoka mapema

Zile za betri za volti 21, ndogo, zenye vipande vya plastiki au kisu kidogo, hatukuzijadili sana. Ni nzuri kwa mtu anayetunza ua wake jioni. Kwenye kiwanja kisicho na umeme, betri mbili zikiisha kazi imeisha. Za waya wa umeme ni rahisi na hazina kelele, lakini shida ni ileile: kiwanja kisicho na nyumba hakina soketi.

Tuliyoijadili kwa muda ni injini ya mapigo manne, ile isiyochanganywa oili kwenye petroli. Mfano unaojulikana ni Honda GX35, yenye cc 35.8. Inavuta vizuri, inakula mafuta kidogo, haitoi moshi wa kukaba, na sauti yake ni ya chini, jambo ambalo mwenye nyumba analipenda akikuita Jumapili asubuhi. Ningekuwa na hela ya kutosha ningemnunulia hiyo halisi bila kusita. Lakini bei yake ilipita mfuko wetu mbali, na zile za kuiga zilizokuwa ndani ya uwezo wetu zilinipa wasiwasi wa namna moja: oili yake yote ni kama mililita 100, nusu kikombe cha chai. Ikivuja kidogo bila kuonekana, injini inajila. Kijana anayejifunza, mwenye msaidizi anayebadilika kila wiki, akisahau kuangalia oili siku mbili amekwisha. Tena mafundi wa karibu naye wanaijua zaidi injini ya kuchanganya.

Ikabaki injini ya mapigo mawili, ya Kichina, yenye vipuri kila kona ya mtaa wa Gerezani. Hapo ndipo swali la cc likarudi.

Dukani

Tulikwenda Kariakoo Jumanne asubuhi, saa tatu, kabla jua halijawa kali na kabla wauzaji hawajachoka. Ile mashine yake ilikuwa imetundikwa mlangoni, nyekundu, imeandikwa 52cc kwa herufi kubwa kwenye kifuniko. Nikaomba niishushe. Kwenye bamba dogo la injini palikuwa na maandishi ambayo wanunuzi wengi hawayasomi: 1E40F-5.

Hiyo namba 40 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Mashine za familia hii zina pistoni inayosafiri milimita 34. Fanya hesabu ya darasa la saba: nusu ya kipenyo ni sentimita 2, mara 2, mara 3.14, mara 3.4. Unapata 42.7. Hiyo ni injini ya cc 43, siyo 52. Ya 52 ya kweli huandikwa 1E44F-5, silinda yake ni milimita 44, na hesabu ileile inakupa 51.7. Nilimwonyesha mpwa wangu kwenye simu yangu, tarakimu kwa tarakimu, nikamwachia arudie mwenyewe.

Muuzaji hakukasirika. Alisema katoni zilikuja hivyohivyo, na sina sababu ya kumwita mwongo. Lakini duka la nne kutoka pale tulikuta injini hiyohiyo, 40F, imeandikwa 43 kwa uaminifu, kwa laki mbili na sabini. Stika peke yake ingemgharimu elfu sabini.

Tulipata pia 44F ya kweli, kwa laki tatu na sitini. Mpwa wangu aliishika, akaipima uzito, nikaona moyo wake umelala pale. Tukatoka nje tukanunua maji, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta, na hapo ndipo tulipobishana hasa.

Hoja yake ilikuwa ya maana. Ile kubwa ingemaliza vichaka haraka, na vichaka vinalipwa zaidi. Hoja yangu ilikuwa kwenye karatasi: kazi mbili kati ya kumi na mbili. Kwa zile kumi, injini ya 43 inazungusha kamba ya nailoni ya milimita 3 bila kulalamika, na kwa vichaka inawekewa kisu cha chuma, inakwenda polepole kuliko 52 lakini inafika. Ile kubwa inakula mafuta zaidi kila saa, hata unapokata ukoka wa kawaida, na uzito wake unakaa mabegani kutwa. Halafu kuna hela. Vitu vingine vya lazima nilivikadiria laki moja na elfu mbili. Akinunua 52, anabaki na elfu kumi na nane mfukoni. Akinunua 43, anabaki na laki na elfu nane.

"Hiyo laki ya nini, Mjomba?"

"Ya siku ambayo hatujaiona."

Nikamweleza pia kwamba cc haikuambii nguvu yote. Stihl FS 250, mashine ya Kijerumani wanayoitumia wakata majani wengi wa kampuni, ina cc 40.2 tu lakini inatoa kilowati 1.6. Mashine nyingi za bei yetu zenye cc 43 huandikwa kilowati 1.25. Tofauti iko kwenye utengenezaji: silinda, kabureta, mizani ya mtikisiko. Kwa hiyo kushindana kwa cc kati ya mashine mbili za kiwanda kisichojulikana ni kushindana kwa jambo dogo.

Mashine ya mtumba

Kabla hatujalipa, jamaa mmoja aliyesikia mazungumzo yetu alituambia kuna mashine ya Kijerumani, imetumika, laki nne na nusu tu. Nilitaka mpwa wangu aione, maana jaribu hili litamrudia maishani.

Ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Niliishika kwa kamba ya kuwashia nikaiacha ining'inie kwa uzito wake. Mashine yenye mgandamizo mzuri huning'inia, inashuka kidogo kidogo kwa kuruka, kana kwamba kuna mtu ndani anashikilia kamba. Ile ilishuka moja kwa moja. Nikaomba bisibisi, nikafungua ekzosi, skrubu chache tu, nikamulika tochi ya simu kwenye tundu. Ubavu wa pistoni ulikuwa na mikwaruzo ya kusimama wima kutoka juu hadi chini. Hiyo ni alama ya injini iliyokimbia bila oili ya kutosha, au iliyovuta hewa mahali pasipo pake ikapata joto. Itawaka leo ikiwa ya baridi. Ikishapata moto, mnakaa chini ya mti mnaisubiri ipoe. Silinda na pistoni zake halisi zinaweza kukaribia bei ya mashine mpya ya Kichina.

Mtumba mzuri upo. Ningeupata wa kweli, wenye pistoni laini, ningemshauri aongeze hela aununue, aache vyote vipya. Lakini bila kufungua ekzosi sinunui, na muuzaji asiyekuruhusu kufungua ekzosi umeshamwelewa.

Tulichonunua

Tulichukua 40F ya laki mbili na sabini, yenye bomba lililonyooka kutoka kwenye injini hadi kwenye kichwa kinachozungusha kamba au kisu, na usukani wa mikono miwili kama wa baiskeli. Bomba lililopinda la mashine ndogo huwa na waya unaozunguka ndani badala ya shafti ya chuma, na kisu cha chuma hakifungwi pale. Kabla ya kulipa tuliiwasha palepale ikiwa baridi. Ilishika mvuto wa nne. Tukaiacha inaguruma taratibu, nikatazama kichwa chake. Injini ikiwa kwenye sauti ya chini, kichwa hakitakiwi kuzunguka hata kidogo, kwa sababu klachi haishiki mpaka injini ikimbie. Kinachozunguka kwenye sauti ya chini kina sauti iliyopandishwa mno au springi ya klachi iliyokatika, na siku moja kitamkata mtu mguu wakati amesimama anapumzika.

Tukapima unene wa bomba: milimita 28. Tukahesabu meno ya shafti: tisa. Akaviandika kwenye simu. Kuna mabomba ya 26 na ya 28, kuna shafti za meno saba na za tisa, na mtu anayekwenda kununua giaboksi bila kujua hivyo viwili anarudi mara mbili kwa nauli yake mwenyewe, avuke tena kwa feri au azunguke darajani.

Hela nyingine ilikwenda hivi. Mkanda wa mabega mawili, elfu ishirini na tano, kwa sababu uliokuja kwenye boksi ulikuwa utepe wa bega moja usiofaa kwa kazi ya saa tano. Kinga ya uso yenye vizibo vya masikio, elfu ishirini. Kichwa cha nailoni kilicho imara zaidi, elfu kumi na nane. Bunda la kamba ya milimita 3, elfu kumi na tano. Lita moja ya oili ya kuchanganya, elfu kumi na mbili. Plagi ya akiba, filta ya mafuta na kamba ya kuwashia ya akiba, vyote elfu kumi na mbili. Gambuti alikuwa nazo. Jumla laki tatu na elfu sabini na mbili. Laki na elfu nane ikarudi mfukoni, na nilimwapisha asiiguse.

Oili ile naomba niitolee maneno zaidi, maana hapa ndipo mashine zinapofia. Kijitabu cha mashine yake kilisema sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 40 kwa kila lita. Mashine nyingine husema 50 kwa moja, mililita 20. Unafuata kijitabu cha mashine yako, hufuati cha jirani. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa kuchanganywa, yenye alama ya FC au FD kwenye kopo. Mitaani wanatia oili ya injini ya gari, namba 40, kwa sababu ni rahisi. Haiungui sawasawa. Inaacha masizi kwenye plagi na kwenye tundu la ekzosi, mashine inapoteza nguvu polepole, na mwenyewe anadhani imezeeka. Tena unachanganya kwenye chupa, unatikisa, ndipo unamimina kwenye tangi. Anayemimina petroli kwanza kisha oili juu yake ndani ya tangi anaipa injini mchanganyiko usio sawa.

Tulinunua madumu mawili ya lita tano. Lenye mchanganyiko tulilifunga utepe mwekundu. Lenye petroli tupu halikufungwa kitu. Mwezi Mei msaidizi alikosea hata hivyo, akajaza kutoka dumu lisilo na utepe. Mpwa wangu aliisikia sauti imebadilika, imekuwa nyembamba na kali, akazima. Zilikuwa zimepita dakika chache tu na mashine ikapona. Tangu siku ile petroli tupu haiji kazini kabisa.

Siku ya kwanza

Kabla ya kuiwasha kwa kazi nilifungua skrubu ya pembeni ya giaboksi, pale chini kwenye kichwa. Ndani palikuwa pakavu, grisi kama ya kupaka ukucha mmoja. Nimekuta hivyo kwenye mashine mpya nyingi za bei hii. Tukajaza grisi. Ingekwenda kazini vile, meno yangekwisha kabla ya Pasaka.

Mpwa wangu alitaka kubadili kichwa aweke kisu, akashika spana, akakaza kwa nguvu zote akidhani anafungua. Nati ile hufunguka kinyume: unaizungusha kwenda kulia ili kuifungua. Imetengenezwa hivyo ili mzunguko wa kisu uwe unaikaza, usiilegeze.

Kisha akaanza kufungua kinga ya plastiki iliyo nyuma ya kichwa, kama alivyowaona wenzake wanafanya, ili kamba iwe ndefu na ikate eneo kubwa. Hapo nilimkatalia kwa sauti. Kinga ile ina kijisu kinachokata kamba kwa urefu ambao injini inaweza kuubeba. Ukiitoa, kamba inakuwa ndefu, inakuwa mzigo, injini haifiki kasi yake, klachi inateleza inaungua. Na mawe yote yanakuja kwenye ugoko wako.

Kamba yenyewe inataka kulelewa. Nailoni ikikaa kavu juani inakuwa kama kijiti, inakatika kila ikigusa ukuta. Ikilowekwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha inarudisha ulaini wake. Wengi hawaamini mpaka wajaribu. Mpwa wangu sasa anatembea na vipande vyake kwenye kopo la maji.

Ila hapa ndipo nilipokosea. Nilimnunulia bunda la kamba ya pembe nne, kwa kuwa inakata majani laini vizuri kuliko ya mviringo. Sikufikiria kuta. Viwanja vya Kigamboni vimezungushwa ukuta wa matofali ambao haujapigwa plasta, na ile kamba ilikuwa inaisha kwenye ukuta kama chaki. Wiki ya pili alibadili kuwa ya mviringo, matumizi yakapungua sana. Karatasi ya kazi kumi na mbili ilikuwa mikononi mwangu na neno "ukuta" lilikuwemo. Nililipita.

Mashine hizi za kamba zina umri wa miaka kama hamsini na kitu tu. Mwaka 1971 George Ballas wa Houston, Texas, alitazama brashi za kuoshea magari zinavyozunguka, akatoboa kopo la bati akapitisha uzi wa kuvulia samaki, kwa sababu alitaka kukata majani kuzunguka miti yake. Nalitaja hilo kwa sababu ya miti. Kamba haikati mti mkubwa, watu wanajua, kwa hiyo wanaipitisha karibu kabisa na shina. Lakini gome la mwembe mchanga ni laini. Kamba ikiuzunguka mara moja tu, ikachubua gome duara zima, mti umekufa. Majani yataendelea kuwa kijani wiki kadhaa halafu yataanza kunyauka, na mwenye mti hatajua ni nani aliyemuulia. Mpwa wangu anang'oa kwa mkono majani yaliyo shubiri moja kuzunguka kila mche. Inamchelewesha, na ningependa kila mkata majani acheleweshwe hivyo.

Jiwe la Aprili

Katikati ya Aprili alikuwa anakata kando ya barabara ya ndani, mbele ya nyumba ya mteja. Gari la jirani lilikuwa limeegeshwa upande wa pili. Vijitabu vya mashine hizi husema mtu yeyote akae mbali mita 15, na mpwa wangu alikuwa amewasogeza watoto, lakini gari hakulifikiria. Kokoto moja ilitoka, kioo cha nyuma kikamwagika chote.

Alinipigia sauti ikitetemeka. Nikamwuliza kama kuna mtu ameumia. Hakuna. Nikamwambia azime mashine, asiondoke, amfuate mwenye gari mwenyewe kabla hajafuatwa, na amwambie atalipa leo. Kioo na kukiweka kilikuja laki moja na nusu. Ile laki na elfu nane iliondoka yote, na elfu arobaini na mbili ya kazi za wiki ile ikafuata. Jioni kioo kilikuwa kimewekwa. Mwenye gari alimpa mkono, na mwezi uliofuata akamwita akate kwake.

Nimeipiga hesabu ile mara nyingi. Angekuwa na 52 ya kweli siku ile, mfukoni pangekuwa na elfu kumi na nane na marejesho ya kikoba yanakuja baada ya wiki mbili. Angeuza mashine, na angeiuza kwa hasara.

Siku ya pili alinunua mita nne za neti ya kivuli, ile nyeusi wanayofunikia vitalu vya miche, akaishonea fimbo mbili. Msaidizi anaishika kati ya mashine na gari, dirisha au njia ya watu, anasogea nayo. Kokoto zinagonga pale zinaanguka. Kwenye mipaka ya barabara pia anakata kwa mwelekeo ambao kichwa kinatupa kuelekea ukutani na kwenye eneo ambalo limeshakatwa.

Miezi minne kwa hesabu

Machi alifanya kazi saba, Aprili kumi na tatu, Mei kumi na mbili, Juni nne. Jumla thelathini na sita, ambapo masika ya kwanja yalikuwa kumi na mbili. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kilichokuwa kinamla siku nzima na sehemu ya kesho yake, sasa kinamchukua kama saa mbili na nusu. Kwa wastani alilipwa elfu thelathini na tano. Mashine ilikula kama theluthi mbili za lita kwa saa, kwa hiyo mafuta na oili yake tuliweka elfu sita kwa kazi, kamba elfu moja, msaidizi elfu saba. Kilichobaki ni elfu ishirini na moja kwa kila kazi, laki saba na elfu hamsini na sita kwa zote. Ukitoa kioo na ukitoa laki tatu na thelathini za kikoba, ni laki mbili na elfu sabini na sita kwa miezi minne.

Si hela ya kujengea, na asingekuwa anakaa nyumbani kwa mama yake asingeiona kabisa. Lakini deni liliisha Mei mwishoni kwa tarehe yake, na mashine ni yake.

Vichaka? Alipata vitatu. Viwili alivikata kwa kisu cha meno matatu, polepole, akipumzika kila tangi likiisha ili vidole visife ganzi kwa mtikisiko. Cha tatu kilikuwa na miti minene kuliko mkono wa mtoto, akakiacha. Alisema angekuwa na 52 angekichukua. Huenda. Kilikuwa na malipo ya elfu themanini, na sikubishana naye.

Juni ilipoisha majani yalisimama kukua, kama yanavyosimama kila kiangazi pwani. Tukamwaga mafuta kwenye tangi, tukaiwasha ikala yaliyobaki kwenye kabureta mpaka ikazima yenyewe, kwa sababu petroli ikilala mle miezi inageuka gundi na viwambo vya kabureta vinakauka vigumu. Tukachomoa plagi, tukatia oili matone machache kwenye silinda, tukavuta kamba taratibu mara mbili. Filta ya hewa tukaiosha kwa sabuni. Imetundikwa ukutani chumbani kwake, kichwa chini.

Juzi amenipigia tena. Kuna mashine ya Kijerumani, imetumika, mwenyewe anahama, anataka laki tano. Nimemwambia afungue ekzosi anitumie picha ya pistoni.